Koti Lililotangulia Barua

Tulipomzika Kiplangat mwaka jana, mwanawe mkubwa aliniomba niseme neno kwa niaba ya watu wa Kisii. Palikuwa na mahema, kipaza sauti kilichokohoa kuliko wazee, na kijana wa ratiba aliyenishika kiwiko akaninong'oneza, "Mama, dakika mbili tu." Nilisimama nikawashukuru waliokuja, nikasema marehemu alikuwa ndugu yetu tangu ujana, nikakaa. Baadaye, tulipokuwa nyuma ya jikoni tukinywa maziwa lala, mwanawe alikuja akachuchumaa karibu na kiti changu. "Shangazi," akasema, "mzee alituambia kuna siku alikula ugali kwenu huku kijiji kizima kimesimama kinamtazama. Sisi tulidhani anatania." Nilimwambia hakuwa akitania. Nikaanza kumweleza, lakini watu wakamwita kwa habari ya magari, akaondoka kabla sijafika hata kwenye koti. Kwa hiyo ninaandika hapa, kwa mwendo wangu mwenyewe, bila mtu wa kunishika kiwiko.

Sitaeleza ukoo wetu wala jinsi wazazi wetu walivyotutoka. Itoshe kusema kwamba mwaka ule, miaka michache baada ya uhuru, nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi, niliyeacha shule darasa la sita, na katika boma letu upande wa Nyacheki tulikuwa tumebaki watatu: mimi, mdogo wangu Nyaboke ambaye ndio kwanza alikuwa ameng'oka meno ya mbele, na bibi yetu mzaa baba, ambaye tulimwita Magokoro kama watoto wa Kisii wanavyowaita bibi zao. Mtoto wa kiume wa nyumba yetu alikuwa mmoja tu, Momanyi, niliyemzidi miaka miwili. Yeye alikuwa amechukuliwa na baba mdogo kwenda Borabu, kwenye skimu, ambako mashamba yaliyokuwa ya wazungu yalikuwa yakikatwa vipande na kugawiwa watu weusi. Baba mdogo alipata kipande, akahitaji mikono, akaahidi kwamba Momanyi angesoma huko. Mimi ndiye niliyemfungia nguo zake. Sikulia, kwa sababu Nyaboke alikuwa akinitazama ajue kama ni jambo la kulilia.

Leo mtu anakwenda Borabu asubuhi, anakunywa chai, anarudi kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Wakati ule watu waliizungumzia kama nchi nyingine. Nilikuwa nikiwasikia wanawake tukianika maua ya pareto juani. Mmoja alisema kule nyasi zinamfunika ng'ombe usimwone isipokuwa pembe. Mwingine alisema kule unaweza kuita kutoka mlangoni kwako na asitokee mtu wa kukuitikia. Jirani yetu Mama Bosibori, ambaye hakuwahi kufika hata Keroka, alijua zaidi ya wote: kule ni mpakani, alisema, jirani yako anasema lugha usiyoijua, na ukilala ng'ombe wako wanaamka kwa mtu mwingine. "Na wewe umempeleka mtoto wa watu huko," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyeigawa ile ardhi.

Kilichotuunganisha na Momanyi kilikuwa karatasi. Aliandika kwenye kurasa za miraba za daftari la hesabu, akampa karani wa chama cha maziwa, barua ikapanda lori la maziwa hadi mjini, kisha ikazunguka njia zake za posta hadi Kisii, na kutoka Kisii mwalimu mkuu wa shule yetu akaileta pamoja na barua nyingine zote zilizotumia sanduku la shule. Aliziegemeza kwenye kioo cha dirisha la ofisi. Ijumaa mchana ungetukuta tumesimama nje ya lile dirisha, wakubwa kwa wadogo, tukisoma majina kama watu wanaotafuta matokeo ya mtihani. Mwandiko wa Momanyi niliujua kutoka mbali. Alikuwa akiziinamisha herufi zake zote kushoto, kama migomba iliyopigwa na mvua ya mawe.

Barua ilisomwa jikoni, na haikusomwa kabla watu hawajala. Magokoro alikuwa na mpango wake. Kwanza ugali wa wimbi uliwekwa ndani ya kikapu, na mboga chungu za chinsaga zilizolala na maziwa usiku kucha kwenye chungu. Tukishanawa, yeye alivuta kigoda chake hadi kwenye nguzo ya katikati, ambayo moshi ulikuwa umeipaka weusi unaong'aa, akaegemea, akasema, "Haya, mwache aingie." Ndivyo alivyosema, kana kwamba Momanyi mwenyewe alikuwa amesimama nje akisubiri kuitwa. Momanyi aliandika Kiswahili kwa sababu mwalimu wake wa huko alitoka mbali na hakutaka lugha nyingine, kwa hiyo mimi nilisoma kimoyomoyo na kutafsiri kwa Kikisii. Magokoro hakuniamini hata siku moja. "Hiyo karatasi imejaa hadi pembeni," angesema, "na wewe umesema maneno mawili. Mengine umempelekea nani?" Akamjibu Momanyi sentensi kwa sentensi, kwa utani ambao mabibi wa kwetu wana haki nao kwa wajukuu wao wa kiume. "Anasema amejifunza kukamua? Mume wangu amenitoroka akaenda kukamua ng'ombe wa wenyewe. Mwandikie nimepata mwingine, mwenye meno." Nyaboke alicheka hadi akapaliwa. Kazi yake Nyaboke ilikuwa kulamba stempu, na aliitunza kazi hiyo kwa wivu mkubwa.

Katika mambo ya barua Magokoro alikuwa na sheria moja, na ni lazima niieleze vizuri kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nayo. Habari ya msiba, kwake, haikuwekwa kwenye karatasi. Kumwandikia mtu kwamba mtoto wake amekufa kulikuwa sawa na kumtupia jiwe kutoka mbali na kukimbia. Habari kama hiyo iliendewa kwa miguu. Mtu alitoka huko, akaja, akakaa chini na wenye msiba, akaonekana uso. Na kama aliyekufa alifia ugenini, aliyekuja kuleta habari alikuja na nguo yake, ili wenyewe waitambue. Mtu huyo hakula katika boma alilolipelekea kifo, hata angetembea tangu jana. Wote pale mtaani kwetu walijua hivyo, walokole na wasio walokole. Kwa hiyo kwetu kila barua, hata ikiwa na mistari mitatu, ilikuwa habari njema kabla haijafunguliwa. Karatasi ikija, watu ni wazima. Nililala na imani hiyo mwaka mzima, na ilinitosha.

Kisha barua zikakoma. Ilikuwa wakati wa mvua za masika. Ijumaa ya kwanza sikujali, kwani mabasi yalikuwa yakikwama kila mahali. Ijumaa iliyofuata nilisoma majina yote dirishani, nikarudia, nikamwomba mwalimu mkuu anigeuzie zile zilizotazama ndani. Alikuwa mtu mkali lakini siku hiyo alizigeuza moja moja, na upole wake ukanitisha. Baada ya hapo habari zikaanza kuja kwa vinywa vya watu. Mtu aliyeuza ndizi Kisii alisikia kwamba kule mpakani ng'ombe walikuwa wameibwa, vijana wamefuata nyayo, na kulikuwa na mapanga. Vijana gani? Hakujua. Wa baba mdogo wetu? Hakujua. Nilitaka kwenda mwenyewe. Lakini Nyaboke alikuwa na kifaduro, akikohoa hadi macho yanatoka machozi, na Magokoro hakuweza tena kuinua hata mtungi. Nilikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba katikati ya uwanja: pande zote naziona, pande zote sifiki. Mama Bosibori alikuwa akija kila jioni kuuliza, "Bado?" Nami nikajibu, "Bado," nikiendelea kuchambua mboga.

Nikitazama nyuma, nadhani ule ukimya ulinifundisha kitu ambacho barua hazikunifundisha. Barua inakuambia kwamba mtu alikuwa mzima siku ile aliyoshika kalamu. Siku nyingine zote unazijaza mwenyewe. Mimi nilikuwa nikizijaza kwa wema, kwa mwaka mzima, bila kujua kwamba ninafanya kazi. Zilipokoma, niliendelea kuzijaza, lakini sasa kwa mambo mengine, na nilichoka mchoko ambao hata jembe halikuwahi kunichosha hivyo.

Siku yenyewe nilikuwa nimepeleka pareto kwenye ghala la chama. Nilikuwa nikirudi na gunia tupu begani wakati niliposikia kilio. Mtu asiyekijua kilio cha kwetu hawezi kuelewa jinsi kinavyoruka kutoka mlima hadi mlima. Kinaanza boma moja, wa jirani wanakipokea kabla hawajajua ni cha nani, na wanakuja nacho. Nilisimama kusikiliza kinatoka wapi. Kisha nikatupa gunia nikakimbia.

Uwanja wetu ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa na mikono vichwani, wengine tayari wamejifunga nguo kiunoni. Magokoro alikuwa ameketi chini, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto, na juu ya mapaja yake palikuwa na koti. Lilikuwa koti la baba. Koti jeusi zito, kiwiko cha kulia kimetiwa kiraka cha gunia, ambalo Momanyi alilirithi na kulivaa hata jua likiwaka, ambalo lilikuwa likimfika magotini siku aliyoondoka. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni la nani. Nilipita kati ya wanaume waliosimama karibu na ua, nikasikia maneno yao, kwa kuwa walidhani sijafika. Mmoja aliuliza kijana asiyeoa huzikwa upande gani wa nyumba. "Upande wa baba yake, kwani wapi tena?" alijibu Mzee Nyang'au, binamu ya baba, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. "Kwanza maiti ifike," alisema wa tatu. "Mvua hizi, gari gani litapita?" Walizungumza kwa sauti ya chini, kama watu wanaopanga kujenga ghala, na mimi nilisikia kila neno.

Karibu na ghala la wimbi, kwenye gogo, alikaa kijana mrefu nisiyemjua. Miguu yake ilikuwa na tope hadi magotini. Kofia yake ameivua na kuiweka juu ya mapaja, kichwa ameinamisha, na machozi yalikuwa yakimtoka. Mama Bosibori alinishika bega. "Huyo ndiye aliyekuja nalo," akasema. "Hajui Kikisii. Tumempa maji, hakunywa. Tumemuuliza, anasema tu jina lako. Anakutaka wewe, mkubwa wa nyumba, upewe habari kwanza. Jikaze, binti yangu." Nilijikaza. Nilikuwa nimezoea kupokea mambo mlangoni. Nilikwenda hadi kwenye gogo, nikasimama mbele yake, nikatafuta Kiswahili changu chote cha darasa la sita.

"Mimi ndiye Kerubo," nikasema.

"Kerubo dada ya Momanyi?"

"Ndiyo. Sema tu. Alikufa lini?"

Aliinua kichwa. "Nani?"

"Momanyi."

Alisimama ghafla, kofia ikaanguka. "Momanyi alikufa? Nani amekuambia?"

"Si wewe?"

"Mimi? Mimi sijasema kitu!" Alitazama wale watu wote, kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba aliogopa kweli. "Mimi nilifika pale langoni, koti nimelishika mkononi, mama mzee akapiga kelele. Halafu wengine. Nikafikiri, maskini, nimefika siku mbaya, hawa wana matanga yao. Nikatoa kofia. Nikakaa. Mnalia, na mimi ninalia kidogo, ni heshima." Akainama akaokota kofia, akaingiza vidole ndani ya kitambaa cha ndani, akatoa karatasi ya miraba iliyokunjwa. "Alisema nikupe wewe mkononi, nisimpe mtu mwingine. Koti alinipa ili mjue kwamba kweli ametuma mimi. Siku hizi, tangu ng'ombe waibwe, mtu wa kwetu akitembea huku kwenu bila alama, anaweza kupigwa. Na amesema nisirudi bila koti lake, kwa sababu huko kuna baridi."

Herufi zilikuwa zimeinama kushoto. Sikumbuki kuisoma. Nakumbuka tu kwamba nilipiga kelele, "Yuko hai!" na hakuna aliyenyamaza. Nilipiga tena. Mama Bosibori na mwanamke mwingine wakanishika mikono. "Mshikeni asijiumize," alisema Mama Bosibori. "Mwacheni aseme anachotaka, mtoto huyu amebeba mengi." Nikamwambia silii, nacheka. Hilo lilikuwa kosa. "Jamani ameanza kucheka," akasema, "leteni maji, mmwagieni kichwani." Na kweli walinimwagia. Nilisimama pale maji yakinitiririka, mikono imeshikwa, barua imeshikwa ndani ya mkono, nikipiga kelele kwamba ndugu yangu ni mzima mbele ya watu waliokuwa wakinililia kwa huruma.

Aliyeniokoa ni Mzee Nyang'au. Alikuja akasema niachwe, na kama nina karatasi niisome watu wasikie. Nilipanda juu ya kinu kilichopinduliwa nikasoma, Kiswahili kisha Kikisii. Momanyi aliandika kwamba ng'ombe wa baba mdogo walikuwa wamechukuliwa na wawili wakapatikana. Kwamba daraja lilikuwa limechukuliwa na maji na lori la maziwa halikuwa likifika, wala karani hakuwa na stempu. Kwamba alijikata mguu kidogo na sasa unapona. Kwamba huyu aliyekuja ni Kiplangat, jirani aliyekua kwenye shamba lile tangu wakati wa mzungu, na ndiye aliyemfundisha kukamua, kwa hiyo tumpokee. Mwisho alimwuliza Magokoro, mke wake, kama yule mume mpya bado ana meno.

Kilio kilipungua, lakini Magokoro hakuinuka. "Hiyo ni karatasi," alisema. "Ameandika siku gani? Karatasi haijui kilichotokea baada ya yeye kuweka kalamu chini. Koti ndilo limekuja." Watu walimtazama, kisha wakamtazama mgeni, na nikahisi kilio kinataka kurudi. Magokoro alifikiri. Kisha akaniita kwa kidole, akaniambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mpe ale."

Niliingia jikoni nikatoa ugali wa wimbi uliobaki, mkubwa kama kichwa cha ndama, chinsaga, na kibuyu cha maziwa. Niliviweka mbele ya Kiplangat. Uwanja mzima ulisogea. Waliokuwa nyuma walisimama kwa vidole vya miguu. Yeye alininong'oneza bila kusogeza midomo, "Wananitazama kwa nini?"

"Wanataka kuona kama utakula."

"Nikila nimekosa?"

"Usipokula ndipo umekosa. Kula, nakuomba."

Alinawa. Alikata tonge, akalichovya, akalitia mdomoni. "Anatafuna," alisema mtu. "Kutafuna si kumeza," alisema mwingine. "Amemeza!" alipaza sauti Nyaboke, ambaye alikuwa ametambaa kati ya miguu ya watu hadi mbele kabisa. Kiplangat akakata tonge la pili, kubwa zaidi, na la tatu. Alikuwa ametembea tangu jana yake, na haya ilipomtoka, njaa ikachukua nafasi. Alikula mboga yote, akainua kibuyu, akanywa hadi akakigonga chini kwa kiganja kupata mtindi wa mwisho. Mama Bosibori alikuwa na mikono kiunoni. "Huyu hakuleta kifo," alisema. "Huyu ameleta njaa." Hapo ndipo watu walipocheka, kicheko cha kilio kilichogeuzwa, kikubwa hivi kwamba kuku walikimbia. Magokoro aliinuka, akakung'uta sketi yake, akasema aongezwe.

Lakini kilio kilikuwa kimeshafika mbali. Hadi jua linaanza kushuka, watu walikuwa wakiendelea kuja wakilia kutoka milima mingine, nasi tukawa tunawakimbilia langoni kuwaambia wanyamaze. Walikasirika. Shangazi mmoja wa baba, aliyefika amepoteza viatu, alikataa kabisa kufurahi. "Nimelia kutoka mtoni hadi hapa," alisema. "Nani atanirudishia sauti yangu? Angalau nipeni chai." Tukampa chai. Wote tuliwapa chai. Majani yaliisha, tukapika uji.

Mzee Nyang'au alitaka tuombe na yaishe. Magokoro alimwambia aombe, hakuna aliyemkataza, lakini mtu aliyeliliwa akiwa hai lazima aonekane na wale waliomlilia, macho kwa macho, la sivyo kile kilio kitabaki kinamtafuta. Mzee wa kanisa alisema hayo ni mambo ya zamani. "Ni ya zamani kama mimi," alijibu, "na mimi bado nipo. Omba, Nyang'au. Lakini aje." Nikaandika barua pale pale, huku Magokoro akinisemesha na watu wengine wakiongeza vyao, kwamba aje mara moja, kwamba tumemlilia, kwamba ametuaibisha na kutumalizia majani ya chai.

Kiplangat alilala kwa Mzee Nyang'au. Asubuhi alipokuja kuchukua barua, Magokoro alitaka kulizuia koti. Alisema likibaki, mwenyewe atalifuata. Nililitoa mikononi mwake polepole, nikamwambia Borabu kuna baridi, na mtu hafuati koti kwa mguu mbovu. Kwa maana nilikuwa nimeisoma ile barua tena alfajiri, peke yangu, bila kelele, na neno "kidogo" lilikuwa limeanza kuniuma. Momanyi aliijua sheria ya Magokoro kama mimi. Mabaya hayaandikwi. Kama alikuwa ameandika kwamba amejikata kidogo, basi ule mguu ulikuwaje? Nilimsindikiza Kiplangat hadi njia kuu na kumwuliza.

"Anatembea?"

"Na fimbo."

"Homa?"

Alipanga kofia yake vizuri kichwani kabla ya kujibu. "Homa ilikuwepo. Mimi nikitoka, alikuwa anakula."

Hakuniambia zaidi, nami sikumlaumu. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba siku ile hakuwa na hakika. Aliondoka na koti limekunjwa chini ya kwapa. Nilirudi nyumbani ambako watu wote walikuwa wakisimulia kisa kwa kicheko, na nikacheka nao. Magokoro peke yake hakucheka. Siku zile tulifanya kazi sambamba, mimi na yeye, bila kulitaja jambo lile. Ijumaa nilikwenda dirishani. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nikisikia hatua za mtu njiani na sikujua niombe nini: akija mtu bila barua, ni vibaya, ikija barua bila mtu, Magokoro hataamini. Nyaboke alianza kupata nafuu, akawa anakohoa mara moja moja tu, naye akapanda kila mchana juu ya jiwe lililokuwa nje ya lango kutazama bondeni.

Ni yeye aliyewaona. Alikuja akikimbia hadi shambani, hakuweza kusema, alinivuta tu nguo. Nilipotoka, watu walikuwa tayari wamesimama nje ya maboma yao, mlima mzima. Kule bondeni baba mdogo alikuwa akipanda taratibu, na nyuma yake Momanyi, mwembamba, mrefu kuliko nilivyomwacha, fimbo mkono mmoja, koti la baba limemfika sasa juu ya magoti. Alisimama kupumzika mara nyingi. Hakuna aliyekwenda kumbeba. Nadhani kila mtu alitaka amwone akipanda kwa miguu yake mwenyewe. Alipofika langoni, wale waliomlilia wakajipanga bila kuambiwa, na kila mmoja akamshika mkono akamwita jina lake, naye akaitika, "Ni mimi." Shangazi aliyepoteza viatu alimkagua mguu, akaona kovu bichi refu kama kisu, akampiga kofi dogo la shavu kwa ajili ya viatu vyake. Magokoro alimshika uso kwa mikono miwili. "Kumbe umekuwa mrefu," alisema, "nami nimezeeka. Sasa nitakuacha kweli." Baba mdogo alikuwa akijitetea kwa Mzee Nyang'au kwamba mganga wa zahanati ndiye aliyewazuia kusafiri. Momanyi alirudi Borabu mguu ulipopona, akasoma, akalima, na bado yuko huko. Lakini hayo ni ya miaka mingine.

Mimi nilimsalimia mwishoni. Tulishikana mikono tu, kama watu wazima. Kisha niliingia nyumbani kuleta vikombe, nikakaa kitandani nipumzike kidogo kwanza. Ukuta ulikuwa mwembamba. Nilisikia uwanja mzima, Mama Bosibori akiamrisha nani achinje kuku yupi, Nyaboke akimwonyesha kaka yake meno yaliyoota, na sauti ya Momanyi, iliyokuwa imeanza kuwa nzito, ikisimulia jambo na watu wakicheka. Sikuwa nimelala mchana tangu nilipoacha kuwa mtoto, lakini macho yalikuwa yakifumba. Nilisikia mlango ukisukumwa, na Momanyi akiuliza, "Kerubo yuko wapi, mbona hatoki?" Nilitaka kuitika. Na kutoka nje, Magokoro akamjibu, "Mwache dada yako alale. Leo nyumba hii ina watu wa kuiangalia."